Msafara Haukatwi

Polisi aliyenisimamisha alipigiwa vigelegele. Sidhani kama aliwahi kupokelewa hivyo tena katika kazi yake. Alitujia kwa nyuma, taa za buluu zikimulika, king'ora kikilia, na wanawake niliowabeba wakashusha vioo, wakatoa vichwa nje na kumshangilia, maana waliamini serikali ya Kiingereza imeona vema kuisindikiza harusi yetu.

Harusi ilikuwa ya binti wa shangazi yangu, Jumamosi moja ya kiangazi, miaka ya tisini inakwisha. Bibi harusi alitoka kwao Kenton, ukumbi ulikuwa Queensbury. Kwa gari, ukitia peremende mdomoni unafika kabla haijaisha. Lakini shangazi alisema hata ukumbi ungekuwa ng'ambo ya barabara, mwanawe hapelekwi kama kifurushi. Lazima uwepo msafara. Basi magari yakafungwa riboni, taa za hatari zikawashwa, honi zikaanza kabla hatujaondoka mlangoni, na majirani wakafungua madirisha kuona kitu gani kimeharibika.

Gari la bibi harusi lilitangulia. La pili lilikuwa langu. Kiti cha mbele alikaa mpiga video, nusu ya mwili nje ya dirisha, kamera begani. Nyuma alikaa shangazi na jirani zake wawili. Aliyenifuata mimi alikuwa rafiki yangu Mkongomani, mtu wa Bukavu, tuliyekuwa tukiendesha pamoja minikabu, zile teksi za kuitwa kwa simu. Baada yake wakaja ndugu wengine.

Kwetu Tanga msafara wa harusi haukatwi. Gari la kwanza likipita, yote yanapita. Wenye safari zao wanasubiri, na wanasubiri wakitabasamu, kwa kuwa nao wana mabinti nyumbani. Wazee wanasema msafara ukikatika, ndoa nayo inaanza na ufa. Mimi siamini mambo hayo. Lakini tulipofika kwenye taa za njia panda, gari la bibi harusi likapita, na nikaanza kugusa breki, shangazi alinipiga bega kwa nyuma akasema, "Baba, usikatwe." Shangazi huniita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake, na mtu unayemwita baba ukimwamuru ni vigumu zaidi kukataa. Nikapita.

Mpaka leo nashikilia kwamba taa ilikuwa ya rangi ya chungwa. Chungwa lililoiva sana, nakubali, lakini chungwa.

Polisi alikuwa mtu wa adabu. Aliniomba nisimame kando, akaniomba nishuke. Msafara wote ukasimama nasi, kwa sababu haukatwi, na honi hazikukoma. Shangazi akashusha kioo, akamkaribisha ukumbini. Alipoona anaandika tu, akampa kikasha cha halua. Polisi akajibu kwamba hawezi kupokea kitu akiwa kazini. Shangazi akadhani anaona haya tu, akamwomba jirani yake akiweke juu ya boneti ya gari la polisi. Tuliondoka tukakiacha palepale. Ukumbini upande wa bwana harusi walituheshimu sana. Hadi leo wapo wanaosimulia kwamba ile harusi ilikuwa na askari wake.

Mimi sikula pilau kwa raha. Leseni yangu ilikuwa na pointi tisa. Kule Uingereza kila kosa lina pointi zake, kamera za barabarani zilikuwa zimenikusanyia hizo tisa kidogo kidogo, na hili la taa lilikuwa na tatu. Ukifika kumi na mbili, leseni unaiaga kwa nusu mwaka. Na bila leseni mimi sikuwa na kazi, na shangazi hakuwa na usafiri. Figo zake zilikuwa zimechoka. Siku moja ndiyo, siku moja hapana, nilimpeleka hospitali kusafishwa damu kwa mashine, nikamngoja, nikamrudisha.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Mimi tangu kidato cha nne sijawahi kukaa mahali nikiwa sina cha kunizungusha. Nilitoka Tanga kwenda Mombasa kwa sababu duka nililofanyia kazi lilikuwa na kiti. Mombasa nikaenda Muscat, Muscat nikaenda Rotterdam, na kila mji nilioacha niliupenda baada ya kuuacha. Hata sasa nikisikia harufu ya mafuta ya dizeli asubuhi ya baridi naikumbuka Rotterdam, mji ambao nilipokuwamo niliulalamikia kila siku. London ilikuwa imenishika kwa sababu ilinilipa kwa kuzunguka. Wakininyang'anya usukani nilijua nitakachofanya. Nilikuwa na binamu Toronto aliyekuwa akinipigia simu kila mara kunisifia malori.

Rafiki yangu Mkongomani aliposikia habari za pointi akasema nisikubali kosa. Alikuwa amekaa Ulaya miaka mingi kuliko mimi, na aliipenda mahakama kama wengine wanavyopenda mpira.

"Huku hatuogopaki polisi, ndugu yangu," akasema. "Unaenda, unajitetea. Na video iko."

Video ilikuwapo kweli. Mpiga video alikuwa amerekodi njia nzima, na kamera ilikuwa inatazama mbele, penye taa. Ikionekana rangi ya chungwa, basi. Tukampigia simu. Akasema mkanda hajaumaliza, bado anautengeneza, lakini siku ya kesi utakuwa tayari. Nikaandika kwamba sikubali kosa, nikapangiwa siku.

Kwetu mtu haendi mahakamani peke yake. Niliwaomba ndugu wasije, halafu nikawaomba waje wachache. Walikuja wote, na walivaa nguo za harusi. Shangazi alitia dhahabu yake yote, kwa hoja kwamba hakimu asije akafikiri kijana ametoka kwa watu wasio na kitu. Mlangoni kuna mashine ya kukagulia, nayo ililia kwa kila mwanamke aliyepita. Mlinzi akafungua mkoba wa shangazi, akakuta sambusa za kutosha baraza zima. Akatuelekeza kwa upole kwamba ofisi ya ndoa iko jengo la pili.

Ndani walikaa mahakimu watatu, watu wa kawaida wa mtaani wasio na majoho wala nywele za bandia, jambo lililomsikitisha shangazi. Katikati mzee mrefu mwenye mvi ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kulia kwake mama wa Kihindi mwenye sweta la kijivu na miwani ya kamba shingoni. Wa kushoto sikumsikia akisema neno siku nzima. Chini yao karani wa sheria, na mbele yangu mwendesha mashtaka, mwanamke kijana aliyekuwa na mafaili mengi na haraka.

Polisi yule akaeleza alichokiona. Nikapewa nafasi ya kumhoji. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali makali mbele ya kioo, lakini nilipomwona nikamuuliza kama ile halua aliila. Mwenyekiti akataka kujua swali hilo linahusiana vipi na taa. Nikasema nafikiri halihusiani. Polisi akajibu, kwa kuwa alikuwa ameapa, kwamba aliipeleka kituoni na ikaisha.

Ikaja zamu ya mkanda. Karani akasukuma televisheni yenye magurudumu, tukazima taa. Mpiga video alikuwa amefanya kazi yake kwa moyo wote. Kwanza yakapita mawaridi yakifunguka. Ikafuata bahari ya Tanga, ingawa harusi ilikuwa Kenton, na muziki wa kinanda. Ndugu kule nyuma wakaanza kuimba taratibu. Mwenyekiti akauliza kama tunaweza kusogeza mbele. Tukasogeza, tukapitiliza, tukajikuta kwenye keki, tukarudi nyuma. Hatimaye barabara ikaonekana. Gari la bibi harusi lile pale, riboni zile pale, na kwa mbali nguzo ya taa. Gari likaikaribia nguzo, likaikaribia zaidi, na palepale taa ilipotaka kuonekana, likatokea kopa kubwa jekundu, likajaza kioo chote, na katikati ya kopa uso wa bibi harusi ukitabasamu.

Kopa lilikaa hapo muda mrefu. Lilipoondoka tulikuwa tumeshavuka, na kilichoonekana sasa kilikuwa gari la polisi, na sauti za vigelegele.

Mwendesha mashtaka aliinamisha kichwa kwenye mafaili yake, mabega yakimtetemeka. Mwenyekiti alisema kwamba kitu pekee chekundu alichokiona kwenye ushahidi ni hicho.

Nikabaki na rafiki yangu wa Bukavu. Alipanda kizimbani na suti ya kanisani, akaapa kwa Biblia, akaeleza kwa Kiingereza kizuri kwamba mimi ni dereva mwangalifu, kwamba alikuwa nyuma yangu kabisa, na taa haikuwa nyekundu. Mwendesha mashtaka akamuuliza yeye alipita kwenye taa hizo muda gani baada yangu. Akasema hapohapo. Akaulizwa, alipopita yeye, taa ilikuwa rangi gani. Nilimwona rafiki yangu akianza kujibu, akimtazama polisi, akimtazama mwenyekiti.

"Mimi sikuangalia taa," akasema mwisho. "Nilimfuata yeye. Aliye mbele ndiye anaangaliaka taa."

Karani akamshauri kwamba halazimiki kuendelea. Hakuendelea. Alishuka kizimbani kwa heshima zote na hakuketi tena nasi mbele, alikwenda kukaa karibu na mlango.

Nikaonekana nina kosa. Pointi zikawa kumi na mbili. Toronto ikanijia kichwani, na binamu na malori yake, na sitaficha kwamba ndani ya ule unyonge kulikuwa na kitu kilichoanza kufunga begi.

Karani akanieleza kwamba bado kuna mlango mmoja. Mahakama inaweza kuniachia leseni ikiwa kuipoteza kutaleta taabu kubwa kuliko kawaida, na taabu yenyewe isiwe yangu peke yangu, iwe ya mtu mwingine asiye na kosa. Je, yuko mtu kama huyo? Nikamtazama shangazi. Alikuwa anarekebisha bangili.

Tulikuwa tumeomba mkalimani, na mkalimani aliyeletwa alikuwa bwana mmoja wa Nairobi mwenye tai na Kiswahili cha mbio. Shangazi akasaidiwa kupanda, akaapa kwa Kurani, akakaa, akaeneza kanga mabegani. Mwenyekiti akauliza swali lake. Mkalimani akaligeuza.

"Mama, mahakama inauliza, kijana akinyang'anywa leseni, wewe utapata taabu?"

Shangazi alimtazama yule mwenyekiti, mgeni kabisa kwake, mzee wa watu aliyemuuliza hali. Akajibu kama alivyolelewa.

"Taabu? Hapana, baba. Alhamdulillahi. Hatuna taabu yoyote."

Mkalimani akaligeuza neno kwa neno. Mwenyekiti akaandika. Nilitaka kusimama, karani akanionyesha kwa kidole nikae. Mwenyekiti akauliza sasa hospitali atakwendaje. Shangazi akasema Mungu atajaalia. Akauliza kama kuna ndugu wengine wenye magari. Shangazi akasema ndugu wapo tele, si hawa hapa, na akatupungia mkono, na ndugu wote na dhahabu zao wakampungia. Mwenyekiti akaandika hilo pia. Akavua miwani yake kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilikuwa nalijua kosa na sikuwa na namna ya kulieleza. Kwetu mtu akikuuliza hali, hali ni nzuri. Nyumba inaweza kuwa inaungua nyuma yako, utasema nyumbani salama, watoto wazima, tunashukuru, halafu ndipo utasema, ila moto umeshika paa. Hakuna anayemwaga shida zake kwenye swali la kwanza isipokuwa mlevi. Shangazi hakudanganya chini ya kiapo. Alikuwa bado hajafika kwenye mazungumzo.

Yule mama wa Kihindi ndiye aliyeinama kumsemesha mwenyekiti. Wakanong'onezana. Mwenyekiti akainua mabega, akarudisha miwani. Yule mama akamgeukia mkalimani.

"Muulize tena," akasema kwa Kiingereza.

Mkalimani akasema shahidi ameshajibu.

"Muulize tena. Mpaka sasa walikuwa wanasalimiana tu."

Sikuwahi kujua mama yule alizaliwa mji gani. Queensbury na Kenton nzima zilikuwa na watu kama yeye, ambao baba zao walikuwa na maduka Mombasa, Kampala au Moshi, na ambao wakikusikia dukani unasema Kiswahili hukuuliza bei ya ndizi huko kwenu. Huyu hakusema lolote. Alikunja mikono juu ya sweta akangoja, kama mtu anayejua chai bado haijachemka.

Mkalimani akauliza nyumbani hawajambo. Shangazi akasema nyumbani salama. Akauliza watoto. Watoto wazima. Akauliza afya. Shangazi akasema afya ndiyo hivyohivyo, tunashukuru. Mama wa Kihindi akatikisa kichwa kumwambia aendelee. Na mkalimani, nafikiri naye kwao kulimrudia hapo, akapunguza mbio, akaisogelea ile meza akauliza kwa sauti nyingine.

"Na ile hospitali, mama, vipi?"

Shangazi akashusha pumzi.

"Ah, baba. Hospitali."

Basi ndiyo ikawa. Alianza na mashine, jinsi inavyomwacha kama nguo iliyokamuliwa. Akaja kwenye gari la wagonjwa ambalo liliwahi kutumwa kwake, dereva akapiga honi chini bila salamu, na alipokuwa bado kwenye ngazi akisaidiana na magoti yake, gari likaondoka. Akaja kwa mwanawe wa mwisho, aliyezaliwa hapahapa, ambaye yeye humsemesha kwa Kiswahili naye mtoto hujibu kwa Kiingereza kwamba yuko bize. Wale ndugu wenye magari akawataja mmoja mmoja kwa kasoro, yupi anachelewa, yupi gari lake linanuka mbwa, na mikono iliyokuwa ikipunga ikashuka. Mkalimani alikuwa anakimbia nyuma yake na kalamu. Mwenyekiti alikuwa ameacha kuandika na anasikiliza tu.

Kisha shangazi akanionyesha mimi kwa kidole chenye pete.

"Na huyu akinyimwa usukani hatakaa. Mimi namjua. Kila mji aliokosa kazi aliuhama, na yuko mtu anampigia simu kutoka Kanada, anafikiri sijui. Leseni mkitaka ichukueni. Lakini mkiichukua mmemchukua na yeye, na mimi sina mwingine anayeningoja mpaka mashine inazima."

Sikuwa nimemwambia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilitazama viatu vyangu mpaka mkalimani alipomaliza kugeuza, na Kiingereza chake kilikuwa kifupi sana kuliko alichosema shangazi, lakini kilitosha.

Mahakimu wakatoka kwenda kushauriana. Sambusa zikapita chini kwa chini, na nilimwona karani anatazama upande mwingine kwa makusudi. Waliporudi, mwenyekiti alisema pointi kumi na mbili zitabaki palepale, faini nitalipa, ila leseni naachiwa, kwa ajili ya shahidi wa mwisho na wala si kwa ajili yangu. Akaniambia kwamba sababu hiyo siwezi kuileta tena, na kwamba kosa jingine dogo kabisa litanimaliza. Akasema pia, akitazama mlango, kwamba anatumaini rafiki yangu siku hizi anaangalia taa mwenyewe.

Shangazi alipokuwa akishuka, yule mama wa Kihindi alisema kitu kutoka juu, kwa sauti ya chini, bila kuinua macho kwenye karatasi.

"Ugua pole, mama."

Shangazi akajibu ahsante kama jambo la kawaida. Alikuja kushtuka tukiwa tumefika maegeshoni.

Kurudi nyumbani bila shaka kukawa na msafara. Sikuupanga, ulijipanga wenyewe, na taa za hatari zikawashwa. Safari hii mimi ndiye niliyewekwa mbele, kama bibi harusi, na shangazi akakaa nyuma na mkoba mtupu. Tukafika kwenye njia panda ileile. Taa ilikuwa ya kijani, lakini kijani kilichokwisha kukaa muda mrefu, sikuipenda, nikapunguza mwendo. Ikageuka chungwa nikiwa bado mbali. Nikasimama. Nyuma yangu ukoo mzima ukapiga honi. Rafiki yangu wa Bukavu akatoa mkono dirishani kuuliza kuna nini.

Nikamtazama shangazi kwenye kioo. Nikamuuliza kama hajambo. Akasema hajambo. Taa ikawa nyekundu, nyekundu kabisa, nikaiangalia kwa furaha. Nikamuuliza kama amechoka. Akasema hapana, anashukuru Mungu. Nikamuuliza tena.

"Nina njaa, baba," akasema, "na wewe unaendesha kama mtu aliyebeba mayai."

Sikuondoka mpaka ilipokuwa kijani. Binamu wa Toronto alipopiga simu jioni ile, tukiwa tunakula kwa shangazi, shangazi ndiye aliyeipokea. Alimuuliza hali yake, akamuuliza nyumbani, akamuuliza watoto, akamuuliza baridi ya huko na malori yake, na akaendelea kumuuliza mpaka salio la binamu likaisha.